Karton ni yangu, namba ya simu si yangu. Bantu ba mabutike munisaidie

mwenye_butike_kenya
Jambo yenu bote. Niko Lubumbashi, commune ya Kenya (ya kwetu hapa, si ile ya Nairobi, kila siku munaniuliza). Niko na kabutike ka masimu, vitrine moja na rayon mbili, tuko wawili, mimi na mutoto wa yaya yangu. Leo asubui mama moja anauzishaka samaki ku soko ananirudishia simu yenye aliuza kwangu siku 19 zimepita, garanti ni miezi tatu, shida yake inajizima yenyewe hata kama batri iko 60. Sawa, hakuna shida, hiyo inatokeaka. Nikachukua karton yake, IMEI (ile namba ya tarakimu 15 ya kutambulisha kila simu) ya karton inamaliza na 2168, nikafungua daftari, 2168 iko, tarehe iko, jina yake iko, dola 95, saini yake iko. Muzuri kabisa. Kisha nikapiga *#06# ku simu yenyewe, inatoa namba inamaliza na 2093!! Nikapiga tena. 2093. Nikazima nikawasha, paka 2093.

Basi nikamwambia, mama, hii si simu yenye nilikuuzisha, umeweka ya mutu mwingine yenye kuharibika mu karton yangu. Akakasirika vibaya sana, bantu bakajaa ku mulango, akaacha simu na karton juu ya meza akasema kesho atarudi na mukubwa wa avenue. Mimi naona haki iko kwangu, daftari iko wazi. Ao mweye munaonaje? Nimeweka picha ya namba zote mbili hapa chini.

kolwezi_boy
Haki ni yako mukubwa. Bantu bameerevuka sana siku hizi. Usirudishe hata franga moja

fundi_katuba
Mbele ya yote TOA ILE PICHA. Namba yote nzima ya 15 mbele ya intaneti ni mubaya, kuko bantu banatafutaka namba ya muzima ya kubandika ku simu ya kuiba. Kama unataka tukusaidie, andika tu zile za mwisho.

mwenye_butike_kenya
Nimetoa. Sikujua.

fundi_katuba
Sasa nikuambie vile mimi naona ku meza yangu kila siku. IMEI haikae ku ekra wala ku mugongo wa simu, inakaa mu karte mère, ile karte kubwa ya ndani yenye kuendesha simu yote. Ukibadirisha ekra, batri, mugongo, flex ya kuchaji, namba inabaki ile ile. Ukibadirisha karte mère njo namba inabadirika. Na kama fundi alifanya flash mubaya, namba haigeuke kuwa ingine ya kupendeza, inapotea kabisa, simu inaandika masufuri ao inasema IMEI haifai na reso inakataa. Kwa hiyo kama 2093 ni namba ya muzima, na hakuna mutu aliigeuza kwa makusudi, iko njia tatu tu. Simu ilibadirishwa nzima, ao karte mère ilibadirishwa, ao karton njo ilibadirishwa.

Angalia mbili. Ya kwanza, linganisha tarakimu 8 za mwanzo za simu na za karton. Zile 8 ni za modeli, simu za modeli moja zenye kutoka pamoja zinafananaka pale, 6 zenye kufwata ni za kila simu peke yake, ya 15 ni ya kuhakikisha hesabu. Ya pili, fungua mugongo polepole uangalie vis (skrubu), kama zimeguswa utaona mikwaruzo.

mwenye_butike_kenya
Nimeangalia yote mbili. 8 za mwanzo ni sawasawa kabisa simu na karton. Vis haziguswe, hata kale kakaratasi kadogo juu ya vis kako palepale hakapasuke.

fundi_katuba
Basi karte mère hapana. Ni simu nzima ao karton.

kariakoo_jumla
Wakuu mimi niko Dar, nauza jumla, mizigo yangu mingi inaenda huko kwenu kwa Tunduma, Zambia, mpaka Kasumbalesa. Samahani naomba kuuliza, huyo mama *aliuza* simu kwako au *alinunua*? Nimesoma mara tatu naona kama yeye ndo muuzaji halafu wewe unampa garanti, nimechanganyikiwa 😂

kolwezi_boy
😂😂😂 ndugu wa Bongo, kwetu kuuza ni kutoa makuta unapewa kintu. Mwenye butike yeye anauzisha. Karibu Katanga

kariakoo_jumla
Haha haya nimeelewa, yaani kuuza ni kununua. Siku nikija huko ntafilisika.

Sasa turudi kwenye hoja. Huku kwetu tangu TCRA (mamlaka ya mawasiliano) walipozima simu feki Juni 2016, wateja wenyewe walizoea. Mtu hakulipi mpaka abonyeze *#06# mbele yako, wengine wanatuma ile namba kwa meseji kwenda 15090 waone kama jina la simu linalokuja ndo lile lile. Kwa hiyo mzozo kama wako huku ni mchache, sababu namba inasomwa KWENYE SIMU siku ya kuuza (kuuzisha, samahani). Wewe siku unamkabidhi huyo mama, ulisoma namba kutoka wapi?

mwenye_butike_kenya
Ku karton. Juu karton iko na mistari na namba inaandikwa kubwa. Kuwasha simu kila mara inakula wakati, na client anataka aione mupya, ikiwa na nylon yake.

YayaMado
Njo hapo. Mutoto wangu, mimi niko na mabutike mbili, moja hapa Kamalondo na ingine Likasi, miaka 11 sasa. Nikuulize kitu kimoja tu na usikasirike. Hii namba 2093 yenye iko ku simu ya ule mama, umeitafuta mu daftari YAKO? Si ku page ya kuuzisha. Ku page ya mizigo yenye iliingia.

mwenye_butike_kenya
Yaya, kwa nini niitafute, si simu yangu?

YayaMado
Itafute.

kolwezi_boy
ayaa 🍿

goma_moja
Wakati tunangoja, mimi niulize kitu cha pembeni. Niko Goma. Hii IMEI si inaweza onesha simu iko wapi? Waliniibia mwaka jana, mutu wa butike aliniambia nimupe namba na dola 20 ataifuatilia na komputa yake.

fundi_katuba
Alikula dola 20 yako bure. Namba haitume mahali iko kwa butike. Wenye banaionaka ni kampuni ya reso, kila simu ikiingia ku antena inajitambulisha, bale njo banaweza kuona ile namba iko na sim gani, na bale habapashwe kukupa wewe, banapa polisi ao parke (bale ba mashitaka). Butike haina kintu ingine paka karatasi. Lakini ile karatasi haiko ya bure, ukiikamata na namba yako iko juu yake, njo unaonesha simu ni yako siku imeonekana.

goma_moja
Merci fundi. Ningejua hii mapema.

kasapa_info
Na mukumbuke wengine tulijifunza *#06# mu 2020 wakati wa RAM, pale makato yalikuwa yanakatwa ku unite. Walisema ni rejista ya masimu ya inchi nzima. Ikaondolewa 2022. Mimi ile wakati niliandika IMEI ya simu zangu zote nyuma ya daftari ya chuo nikijua nitakatazwa reso, kiisha nikaibiwa moja kweli, ile page njo ilinisaidia kutoa plainte. Kwa hiyo RAM ilinifaidisha kwa njia yenye haikutaka 😅

mwenye_butike_kenya
YayaMado.
Nimeitafuta.

2093 iko mu daftari yangu. Iliingia siku moja na 2168, karton kubwa moja, zinafwatana mistari tano tu katikati. Mbele yake nimeandika "iko stock". Nimeenda ku rayon, karton ya 2093 iko pale, imefungwa. Nimeifungua, simu iko ndani, nimeiwasha, nimepiga *#06#.

2168.

kolwezi_boy
YESU

fundi_katuba
Kumbe

kariakoo_jumla
Pole sana kaka. Hilo ni la kawaida kuliko unavyodhani.

YayaMado
Niliona tu. Modeli moja, mzigo moja, vis haziguswe. Mwizi angekuletea simu ya modeli ingine ao ya zamani. Sasa uliza mutoto wa yaya yako.

mwenye_butike_kenya
Nimemuuliza. Mara ya kwanza alisema hapana. Kiisha akakumbuka. Wiki ile mizigo ilifika tulitoa simu mbili za modeli ile tukaziweka ku vitrine ili bantu bashike, moja ya bluu moja ya bluu, zote rangi moja. Mangaribi umeme ukakatika, akafunga butike na tochi ya simu yake mu kinywa, akarudisha kila moja mu karton yenye iliyokuwa karibu na mukono. Anasema alijua kama zote ni sawasawa. Na ni kweli, kwa macho ni sawasawa, hakuna kintu ya kutofautisha.

Na mimi nilimuita mama wa bantu mwizi mbele ya soko yote.

kolwezi_boy
Na mimi nilikuambia usirudishe franga. Nakaa kimya sasa

kariakoo_jumla
Kabla hujaenda kuomba msamaha, tengeneza karatasi kwanza, maana hapa kuna mtego mwingine. Mzigo huo ukirudi kwa msambazaji kwa garanti, yeye anaangalia namba ya simu na namba ya boksi. Zisipolingana anakurudishia bila hata kuwasha. Mimi nimekataa za watu wengi namna hiyo na sikujua kwamba wengine walikuwa na makosa kama yako tu. Kwa hiyo simu mbovu ya mama, ile 2093, irudishe ndani ya boksi lake la 2093, hiyo ndo itumwe. Ile 2168 irudi boksi lake la 2168. Halafu kwenye daftari usifute kwa wino mweupe, piga mstari mmoja, andika pembeni "boksi zilibadilishana" na tarehe. Mtu akija kukagua aone kosa na marekebisho, asione mahali palipofichwa.

mwenye_butike_kenya
Nimeelewa. Hapo 2168 si njo anapashwa kupata sasa? Aliweka saini juu ya 2168.

YayaMado
Njo hiyo hiyo. Mupe ile, ni ya kwake tangu siku ya kwanza, na ni mupya, ilikaa ku vitrine siku moja tu. Wala usimuambie eti unamufanyia bonté. Ni yake.

prof_excel_lshi
Nimechelewa lakini sasa naona shida kubwa ya uzi huu ni daftari. Mweye wote munaandika kwa mukono? Simu 40 kwa mwezi bado inawezekana, lakini 200 haiwezekani, macho yanachoka. Mimi nasaidiaka butike tatu hapa mjini na Excel, nitaandika makosa yenye naonaka, musinicheke nikirefusha.

Kosa ya kwanza ni Excel kufikiri IMEI ni hesabu. Unaandika tarakimu 15, inakugeuzia 3,5E+14, unaona kama imeharibika. Haijaharibika bado, lakini kama simu ni ya zamani na IMEI yake inaanza na 0 (iPhone za zamani mingi zilikuwa zinaanza na 01), Excel inakula ile sufuri na unabaki na 14, siku client anarudi unatafuta hauoni. Na ukiandika namba ya sim card, ile ndefu ya 19 ao 20, hapo inaharibika kweli, za mwisho zinageuka sufuri na hazirudi tena. Kwa hiyo kabla ya kuandika kintu chochote, chagua colonne nzima uiweke kuwa maandishi, format ya texte. KABLA. Ukiiweka kiisha ni kama kufunga mulango na mbuzi imeisha kutoka.

Ya pili, kale kamashini ka kusoma mistari. Mingi zinafanya kama clavier tu, kanasoma, kanaandika, kanabonyeza Enter. Muzuri sana, lakini ku karton iko mistari mingi, IMEI 1, IMEI 2, namba ya serie, na ule mstari wa bidhaa wenye iko na tarakimu 13 na wenye ni MOJA kwa simu zote za modeli. Nilikuta butike moja ilikuwa na simu 30 zote "IMEI" moja, mutoto alikuwa anapiga mstari wa bidhaa wiki mbili nzima na kila mara kamashini kanalia piiip, yeye anaona kazi inaenda. Sasa ninawekaka NBCAR pembeni (formule ya Excel ya kuhesabu tarakimu ziko ngapi), kama haiko 15 inageuka nyekundu.

Ya tatu, wenye kuandika kwa mukono. Ile tarakimu ya mwisho inaweza kukukamatia kosa. Anza kushoto, zenye ziko nafasi ya 2, ya 4, ya 6 paka ya 14 uzidishe mara mbili, kama inapita 9 jumlisha tarakimu zake (18 ni 1 na 8, inakuwa 9). Kiisha jumlisha zote 14. Chukua hii namba ya kufundishia, si ya mutu: 490154203237518. Zile 14 zinatoa 52, kufika 60 inabaki 8, na ya mwisho njo 8. Ukiandika 3 pahali pa 8 hesabu inakataa palepale. Ukigeuza mbili zenye kufwatana inakataa pia, isipokuwa 09 ikiandikwa 90, hiyo inapitaka. Mu Excel ni formule moja, nitamupa mwenye ataniandikia mu privé.

fundi_katuba
Prof iko sawa lakini pale kwa mwenye uzi hata Excel isingemusaidia. Angekuwa na IMEI ya karton iliyoandikwa muzuri sana, maandishi, tarakimu 15, na bado ni karton mubaya.

prof_excel_lshi
Kweli kabisa, nakubali. Excel haiwashe simu.

YayaMado
Mimi vile nafanyaka. Mzigo ukifika, karton kubwa hatuipasue kwanza, ile etiketi ya inje inaonesha namba zote za ndani, tunasoma pale tunalinganisha na facture. Tulishakuta karton ya simu 20 iko na 19. Kiisha tunapasua. Simu ya vitrine, saa ileile inatoka, nabandika kakaratasi mugongoni na tarakimu 7 za mwisho, na ileile ku karton. Saba, si ine, zile ine za mwisho zinaweza kukutana mu mizigo tofauti. Kiisha siku ya kuuzisha, client yeye mwenyewe anapiga *#06#, anasoma kwa sauti, mutoto wangu anaandika, mimi naangalia karton. Inachukua dakika moja na nylon tunaitoa mbele yake, banapenda hata, banaona ni kama sherehe.

Na musiandike namba ya sim mbili kama IMEI moja. Client anarudi anasoma ya chini, wewe uliandika ya juu, munagombana bure na simu ni ileile. Hizo mbili mara mingi zinakaribiana sana, tofauti iko pale mwisho tu.

kolwezi_boy
Yangu inaonesha /01 mwisho wa namba, niandike na hiyo?

prof_excel_lshi
Hapana, hiyo ni ya toleo la programu, inawezaka kubadirika ukifanya mise à jour. Andika paka zile 15.

likasi_okazion
Na sisi wa okazion? Mimi nauzaka simu za mukono wa pili, karton haiko.

fundi_katuba
Wewe soma paka mu simu, na ku iPhone ingia mu Réglages, Général, Informations. Usiamini ile imeandikwa ku kasahani ka sim, kale kanabadirishwa kwa sekunde mbili, nimeona iPhone moja iko na kasahani ka simu ingine kabisa. Na mwenye kukuuzisha umuombe kitambulisho. Akianza kukupa historia ndefu, mwache aende. Na musinitumie tena mu privé eti "fundi nibadirishie IMEI". Uingereza walitunga sheria juu ya ile kitu tangu 2002, mutu anafungwa. Mimi sifanye.

mwenye_butike_kenya
Nimerudi. Nilitoka ku soko sasa hivi, sikungoja kesho.

Nilimukuta anapanga samaki. Niliita "mama", hakuangalia. Nikaketi chini ku kidumu, nikasema mbele ya ba mama wenzake bote kama kosa ni ya butike, karton zilibadirishwa na mutoto, simu yake ilikuwa paka yake. Nilisema kwa sauti sawa na ile ya asubui, juu asubui nilipiga kelele. Wakanyamaza. Mama moja akacheka. Yeye akapangusa mikono, akachukua simu mupya, akaniambia "ile mambo ulifanya ku butike, ya kupiga namba, ifanye hapa". Nikapiga *#06#. Akaita binti yake, wa chuo, akamwambia asome. Binti anasoma, mimi niko na karton, 2168, inafanana. Akamwambia aandike ku kitabu yake ya madeni ya samaki, page ya kwanza, juu ya majina ya bantu bote.

Kiisha akaangalia ekra tena akaniuliza: "na hii ingine ya chini ni ya nani?"

Nikamueleza ni ya sim ya pili. Akasema aandike na hiyo.